Muhula wa miaka saba kwa LC3 na LC5: wapiga kura wanaweza kuulizwa wenyewe?

MkaziTororo:

Salaam wandugu. Kikundi cha wakazi hapa Tororo, Uganda, kinaandaa waraka wa kumpelekea mbunge wetu na baraza la wilaya. Hoja yenyewe ni kwamba muhula wa mabaraza ya gombolola (LC3, ngazi iliyo chini ya wilaya) na ya wilaya (LC5) uongezwe kutoka miaka mitano hadi saba, na uamuzi huo usiachiwe Bunge peke yake bali wapiga kura waulizwe kwa kura ya maoni. Wanaounga mkono wanasema mwenyekiti wa LC5 anamaliza mwaka wa kwanza akijifunza kazi, mwaka wa mwisho unamezwa na kampeni, na wananchi wanabaki na miaka mitatu tu ya kazi. Wanaopinga wanasema mtu akiwa mbovu, hata mitano ni mingi.

Naomba msaada kwenye mambo manne. Je, wilaya moja inaweza kupiga kura yake ikabadili muhula wa baraza lake bila kungoja nchi nzima? Kama haiwezi, njia ya kisheria ni ipi? Nyongeza ikipita, inawahusu walio madarakani sasa au watakaochaguliwa baadaye? Na wenyeviti wa LC1, yaani wa vijiji, wamo humo au wana sheria yao? Mwenye kujua ibara na azitaje, maana waraka usio na ibara unawekwa pembeni siku hiyohiyo.

WakiliWaMpakani:

Ndugu Mkazi, wilaya moja haiwezi. Muhula wa mabaraza ya serikali za mitaa umeandikwa ndani ya Katiba, ibara ya 181(4). Katiba ya 1995 ilianza na miaka minne, kisha marekebisho ya 2005 yakaifanya mitano. Na ibara ya 2 inasema sheria au mila yoyote inayopingana na Katiba ni batili kwa kiasi inachopingana nayo. Azimio la baraza au kura ya wilaya haliwezi kuruka hapo.

Mtaambiwa kuna ibara ya 255. Ni kweli ipo, na ni nzuri. Inalitaka Bunge liweke sheria ya kuwapa wananchi haki ya kudai kura ya maoni, iwe ya nchi nzima au ya sehemu moja ya Uganda, juu ya jambo lolote. Tume ya Uchaguzi ndiyo inayoiendesha. Kwa hiyo Tororo inaweza kuulizwa. Lakini jibu la Tororo haliandiki upya ibara ya 181(4). Mkiitumia 255 kwa wilaya moja mtapata sauti ya kisiasa ya kumshinikiza mbunge. Muhula wenyewe utabaki ulivyo.

Katiba inarekebishwa kwa njia tatu. Ibara ya 260 ina orodha ya vipengele visivyoguswa bila kura za theluthi mbili ya wabunge wote mswada unaposomwa mara ya pili na mara ya tatu, na juu yake kura ya maoni ya wananchi. Ibara ya 261 ina orodha nyingine, hasa ya mambo ya wilaya, ambayo baada ya theluthi mbili za Bunge inataka mabaraza ya wilaya yaridhie: theluthi mbili ya wajumbe katika kila baraza, na mabaraza hayo yawe angalau theluthi mbili ya wilaya zote. Chochote kisichotajwa kwenye orodha hizo mbili kinakwenda ibara ya 262, yaani theluthi mbili za Bunge basi.

Sasa tazameni. Muhula wa Rais, ibara ya 105(1), umo kwenye 260. Muhula wa mabaraza haumo kwenye 260 wala 261. Katiba inalazimisha uulizwe kabla ya kuguswa muhula wa mtu wa Ikulu, ila muhula wa diwani wa gombolola lako unaweza kubadilishwa Kampala bila wewe kujua. Hilo ni pengo kubwa, na kama waraka wenu utasema jambo moja tu, useme hilo.

Njia ya 262 ilishajaribiwa. Mwaka 2017 mswada wa mbunge Raphael Magyezi wa Igara Magharibi uliingia Bungeni ukihusu hasa ukomo wa umri wa kugombea urais. Ulipofika katikati ya safari vikaongezwa vipengele vya kulipeleka Bunge na mabaraza ya serikali za mitaa hadi miaka saba, na waliokuwa wamechaguliwa 2016 wangenufaika. Tarehe 20 Desemba 2017 ulipita mara ya tatu kwa kura 315 dhidi ya 62. Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale, ikatoa hukumu tarehe 26 Julai 2018. Ukomo wa umri uliondolewa kwa majaji wanne dhidi ya mmoja, lakini miaka saba, ya Bunge na ya mabaraza, ilifutwa na majaji wote watano. Rufaa iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwezi Aprili 2019 haikuifufua.

Someni sababu za majaji kabla ya kuandika mstari mmoja. Wananchi walipiga kura 2016 kwa mkataba wa miaka mitano, na ibara ya 1 inasema mamlaka ni ya wananchi, ambao wanaonyesha ridhaa yao kwa uchaguzi au kura ya maoni. Aliyechaguliwa kwa mitano hawezi kujiongezea miwili. Pili, vipengele hivyo havikuwa kwenye mswada wa awali, kwa hiyo wananchi hawakupata nafasi ya kuvitolea maoni. Tatu, viligusa Mfuko Mkuu wa Hazina, na ibara ya 93 inamkataza mbunge binafsi kuleta mzigo wa namna hiyo. Kumbukeni pia kwamba Katiba inaruhusu maisha ya Bunge kurefushwa katika hali moja tu, ya vita au hali ya hatari inayozuia uchaguzi, tena si zaidi ya miezi sita kila mara. Hapo swali lako la tatu limejibiwa: walio madarakani hawapati hata siku moja. Mkiandika vinginevyo, waraka utaanguka na utastahili kuanguka.

AfisaMipango:

Wakili amefunga upande wa sheria vizuri. Mimi nina shaka na sababu yenyewe, ile ya "mwaka wa kujifunza na mwaka wa kampeni". Muda unapotea kweli, ila chanzo chake ni kalenda, na miaka saba haiigusi kalenda.

Baraza jipya linaapishwa mwezi Mei. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti ya wilaya inatakiwa iwe imepitishwa kufikia tarehe 31 Mei. Maana yake diwani aliyeapishwa Mei 2021 aliikuta bajeti ya 2021/22 imeshaandikwa na watu wengine. Alichoweza ni kuinua mkono. Bajeti yake ya kwanza halisi ilikuwa ya 2022/23, fedha zikaanza kutoka Julai 2022, miezi kama kumi na minne tangu kiapo. Hiyo ndiyo inayoitwa "kujifunza kazi". Hata mwenyekiti aliyekaa mihula mitatu angekwama hapohapo kama amehamia wilaya mpya.

Halafu kuna mpango wa maendeleo wa wilaya. Unakwenda sambamba na Mpango wa Taifa wa Maendeleo, ambao ni wa miaka mitano mitano. Wa tatu ulikuwa 2020/21 hadi 2024/25, wa nne ni 2025/26 hadi 2029/30. Mabaraza yanaingia 2021, 2026, 2031. Kila baraza linarithi mpango wenye umri wa karibu mwaka mmoja. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu uleule kila mara, ofisi ya mipango inaujua na inaweza kuujengea daraja: mapitio ya katikati ya mpango, semina ya madiwani wapya, marekebisho ya vipaumbele.

Wekeni sasa miaka saba kuanzia 2031. Mabaraza yataingia 2031, 2038, 2045. Mipango itaanza 2030, 2035, 2040, 2045. Baraza moja litakuta mpango una mwaka mmoja, linalofuata litaukuta una miaka mitatu, linalofuata litaingia mpango ukiwa ndio unaanza. Hakuna utaratibu utakaotulia. Mwenyekiti wa 2038 atatumikia miaka miwili mpango wa wengine, mitano wake, kisha ataondoka. Kama mnataka muhula mrefu, dai la maana ni kwamba urefu wa mpango na urefu wa muhula vibadilike pamoja, au kiapo kisogezwe kiwe kabla ya msimu wa bajeti, yaani kabla ya karatasi ya mfumo wa bajeti kuandaliwa Oktoba na Novemba. Hilo la pili lingerudisha karibu mwaka mzima kwa kila baraza bila kumwongezea mtu siku moja ofisini.

Lingine linalochanganywa na muhula ni miradi kukwama. Barabara ya gombolola haiishi kwa sababu fedha za robo ya mwisho zimechelewa, mkandarasi amepatikana Mei, na ikifika tarehe 30 Juni kilichobaki kwenye akaunti kinarudi Hazina. Hilo hutokea katika mwaka wa pili wa muhula kama linavyotokea katika wa tano. Na posho za madiwani zina kikomo cha asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliotangulia. Wilaya yenye mapato hafifu inakaa vikao vichache, kamati hazitembelei miradi, usimamizi unalegea. Miaka saba ya baraza lisilokaa vikao haimsaidii mtu yeyote.

MamaWaSofia:

Wazee wangu, hesabu nimezielewa. Mimi naongeza la LC1, maana huko ndiko tumeonja muhula mrefu bila kuuomba.

Uchaguzi wa vijiji ulifanyika mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha haukufanyika tena hadi tarehe 10 Julai 2018. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilisema LC1 na LC2 (ya muluka, yaani kundi la vijiji) zilizoundwa chini ya mfumo wa Movement, ule usio wa vyama, hazikuwa halali tena baada ya nchi kurudi kwenye vyama vingi, na bado wenyeviti waliendelea kukaa zaidi ya miaka kumi. Wengine walifariki, wengine walihama, msaidizi akashika muhuri. Waliochaguliwa 2018 muhula wao uliisha Julai 2023. Badala ya uchaguzi wakaongezewa siku 180, zilipoisha wakaongezewa tena.

Madhara yake yanamfikia mnyonge. Barua ya mwenyekiti ndiyo inayohitajika kwenye kitambulisho cha taifa, pasipoti, dhamana ya polisi, mauzo ya kiwanja. Chini ya sheria ya 2006 ya mahakama za mabaraza ya mitaa, kamati ya LC1 pia ni mahakama, na inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 2. Mwenye kushindwa kesi ya shamba akijua muhula wa kamati una utata, wakili wake ataanza na hilo kabla ya kugusa mpaka wa shamba. Kijiji kina watu wanaoishi na hukumu hizo.

Kwa hiyo kabla hamjaomba miaka saba kwa wa juu, ulizeni kwanza kwa nini mitano ya wa chini haikuheshimiwa. Kinachonichoma si idadi ya miaka. Ni kwamba hakuna aliyetuuliza, mara ya kwanza wala ya pili.

MkaziTororo:

Asante Mama, asanteni wote. Wakili, nifafanulie mawili. LC1 nayo iko chini ya 181(4)? Na kama Bunge linaweza kubadili muhula wetu bila kutuuliza, kuna njia yoyote ya kuandika waraka ambayo *italazimisha* kura ya maoni, isiwe hisani ya serikali?

WakiliWaMpakani:

LC1 haimo. Ibara ya 181(4) inahusu mabaraza ya serikali za mitaa: wilaya, jiji, manispaa, mji, gombolola. Kijiji, muluka na kaunti ni vitengo vya utawala, na vinaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 pamoja na marekebisho yake. Ndiyo sababu waziri aliweza kuongeza siku 180 kwa LC1 na LC2, jambo ambalo hawezi kumfanyia mwenyekiti wa LC5. Waraka wenu utenganishe hivyo viwili. Kwa LC1 ombeni sheria irekebishwe ili nyongeza iwe mara moja tu na iwe na sababu zilizotajwa kwenye sheria. Wabunge wanaweza kulifanya hilo kwa wingi wa kawaida bila kugusa Katiba.

La pili ndilo zuri. Ibara ya 260 imejitaja yenyewe ndani ya orodha yake. Huwezi kuibadili bila kura ya maoni. Basi andikeni pendekezo la mswada mmoja wenye vipengele viwili: kimoja kinabadili 181(4), kingine kinaiongeza 181(4) kwenye orodha ya 260. Kipengele cha pili kinauburuta mswada mpaka kwa wananchi, Bunge litake lisitake. Na faida yake inabaki hata wananchi wakiikataa miaka saba, mradi swali la ulinzi liulizwe peke yake. Nchi inaweza kusema "miaka ibaki mitano, na tangu leo msiiguse bila sisi". Mimi ningepigia kura hilo kwa mikono miwili.

Hatua ni hizi. Mbunge anaomba kibali cha Bunge kuleta mswada binafsi. Anaomba hati ya athari za kifedha kutoka Wizara ya Fedha, inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015; wengi wanakwama hapa miezi mingi, na kwa sababu ya ibara ya 93 ni salama zaidi mswada uletwe na serikali yenyewe. Unasomwa mara ya kwanza, unakwenda Kamati ya Sheria na Masuala ya Bunge, ambako wananchi wanaalikwa kutoa maoni. Pelekeni watu pale, na maandishi yenu yaingie kwenye kumbukumbu. Kisha kusomwa mara ya pili, theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria. Kwa mswada wa 260, ibara ya 263 inataka zipite angalau siku kumi na nne za vikao kabla ya kura ya mara ya tatu. Siku za vikao, si za kalenda. Bunge likienda likizo zinasimama. Baada ya kura ya maoni, Spika anatoa cheti kwamba utaratibu umefuatwa na Tume ya Uchaguzi inatoa cheti kwamba wananchi wameridhia. Bila vyeti hivyo Rais hasaini.

Kosa la kuepuka ni kuongeza kitu kipya njiani. Chochote ambacho wananchi hawakukiona kwenye mswada uliochapishwa kisiingizwe kamatini. Mswada wa 2017 uliumia hapo.

MsimamiziWaKituo:

Niseme upande wa debe lenyewe.

Swali la kura ya maoni huua au huokoa jambo. Mwaka 2005 tuliulizwa kama tunakubali kufungua nafasi ya kisiasa ili wanaotaka kujiunga na vyama wafanye hivyo. Nani atasema hataki kufunguliwa nafasi? Kura za ndiyo zilikuwa asilimia 92, lakini waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa, walikuwa kama asilimia 47. Upinzani mkubwa ulisusia, na wengi waliona jibu limeshaandikwa. Swali lenu lisiwe na sifa ndani yake. Msiandike "ili viongozi wapate muda wa kutosha wa kuleta maendeleo". Andikeni muhula wa sasa, muhula unaopendekezwa, na lini unaanza. Basi.

Msichanganye mambo mawili kwenye swali moja. Anayetaka miaka saba na anayetaka tu 181(4) ilindwe wana majibu tofauti. Karatasi mbili, rangi mbili, au karatasi moja yenye maswali mawili yaliyotenganishwa kwa mstari mnene. Mkiweka moja, mwenye kukubali nusu ataweka alama mbili na kura itaharibika. Na kwa nchi yenye lugha nyingi kama yetu, alama ya picha kwa kila jibu ni lazima, tena picha isiyofanana na nembo ya chama chochote.

Kuhusu siku: iwekeni pamoja na uchaguzi mkuu. Ibara ya 61 inataka uchaguzi wa Rais, wa wabunge na wa mabaraza ufanyike ndani ya siku 30 za kwanza za zile siku 122 za mwisho wa muhula wa Rais. Daftari limeshasafishwa, maafisa wamefundishwa, magari yako barabarani. Kura ya maoni ya peke yake inalipia vyote hivyo upya, na mahudhurio yanashuka.

Ibara hiyohiyo ya 61 ndiyo mtego ambao sijaona mtu akiutaja hapa. Inayataka mabaraza yachaguliwe katika dirisha moja na Rais. Rais akibaki mitano na mabaraza yakiwa saba, 181(4) itasema 2038 na 61 itasema 2036. Zitagongana ndani ya Katiba moja, na mtu atakwenda mahakamani wiki hiyohiyo. Kwa hiyo mswada lazima uguse na 61. Mkiugusa, mnakuwa mmekubali uchaguzi wa serikali za mitaa uliojitenga, na gharama yake.

Uchaguzi uliojitenga si jambo baya kwa kila hali. Leo mgombea wa LC3 anaongelea rangi ya chama kwa sababu wiki chache kabla yake watu wamemchagua Rais. Maji ya kisima cha muluka hayasikiki. Uchaguzi wa peke yake ungewarudisha kwenye kisima. Lakini mtu akiniuliza kama hiyo inatosha kulipia daftari jipya na mafunzo mapya kila mara, nasema bado sijashawishika.

Msisahau wajumbe wa makundi maalumu: vijana, wanawake, wenye ulemavu, wazee. Kadhaa wao wanapatikana kupitia mabaraza na kamati zinazoanzia kijijini, zenye sheria zake na mihula yake. Ukirefusha baraza la wilaya bila kuzigusa sheria hizo, mjumbe wa vijana atakuwa ndani ya baraza wakati chombo kilichomtuma kimeshakufa. Na kijana aliyechaguliwa akiwa na 29 atawakilisha vijana akiwa na 36.

AfisaMipango:

Hilo la vijana ni zito, liingie kwenye waraka.

Ndugu_Koboko:

Nimesoma yote. Naunga mkono wananchi waulizwe, na siungi mkono miaka saba, kwa sababu moja: kati ya uchaguzi na uchaguzi mpiga kura hana chombo mkononi. Mwenyekiti wa wilaya anaweza kuondolewa chini ya ibara ya 185 kwa theluthi mbili ya wajumbe wote wa baraza, kwa makosa kama rushwa, matumizi mabaya ya ofisi, mwenendo mbaya, au kwa kutoweza kazi kiafya. Hao ni madiwani, si sisi. Mwenyekiti mwenye chama chenye wingi, au mwenye kugawa safari na nafasi za kamati vizuri, hapotezi theluthi mbili. Kwa wabunge ibara ya 84 ilikuwa na haki ya wapiga kura kumwondoa mtu wao, lakini ilitaka sahihi za theluthi mbili ya wapiga kura walioandikishwa, kiwango ambacho hata mgombea mshindi mara nyingi hakipati, halafu marekebisho ya 2005 yakaifunga haki hiyo ifanye kazi wakati wa mfumo wa Movement tu.

Anayeomba miaka miwili zaidi alete na kamba ya kumvutia chini. Wekeni kwenye waraka: muhula usirefushwe isipokuwa wapiga kura wa gombolola au wilaya wanapewa haki ya kudai kura ya kumwondoa mwenyekiti au diwani, kwa sahihi zinazowezekana kukusanywa. Ningesema robo ya walioandikishwa, ndani ya siku 90, zikikaguliwa na ofisi ya Tume ya wilaya dhidi ya daftari. Isiruhusiwe mwaka wa kwanza, asije aliyeshindwa akaitumia kuurudia uchaguzi, wala mwaka wa mwisho.

Majirani wametupa somo pia. Kenya mwaka 2024 ulipelekwa mswada kwenye Seneti wa kuongeza muhula wa viongozi kutoka mitano hadi saba. Wananchi walipoombwa maoni waliupinga kwa kishindo. Waliulizwa mapema, wakajibu, nchi ikaendelea na kazi zake.

Na sisi tuna kumbukumbu yetu. Baada ya uchaguzi wa 1962, Waganda hawakupiga kura nyingine ya nchi nzima ya kuchagua Bunge hadi Desemba 1980. Waliokuwa ofisini walikuwa na sababu nzuri kila mara. Mtu wa umri wa baba yangu anaposikia "ongezeni kidogo tu", anasikia miaka hiyo.

MkaziTororo:

Nimebadilisha rasimu. Haiombi miaka saba tena. Inaomba maswali mawili siku ya uchaguzi mkuu ujao: (1) "Muhula wa mabaraza ya serikali za mitaa sasa ni miaka mitano. Je, uwe miaka saba kwa mabaraza yatakayochaguliwa baada ya kura hii?" (2) "Je, muhula huo usibadilishwe tena bila kura ya maoni ya wananchi?" Nyuma yake tumeweka viambatisho: ibara ya 61, sheria za makundi maalumu, haki ya kuondoa kiongozi kwa sahihi za robo ya walioandikishwa, kiapo kusogezwa kabla ya msimu wa bajeti, na kifungu tofauti cha LC1.

WakiliWaMpakani:

Vizuri sana. Rekebisha moja tu. Kwenye swali la kwanza, "baada ya kura hii" ina hatari, kwa sababu uchaguzi wa LC3 na LC5 hufuata siku au wiki chache baada ya ule wa Rais. Mgombea atakuwa kwenye kampeni hajui anaomba mitano au saba, na mpiga kura pia. Andikeni "kuanzia uchaguzi mkuu utakaofuata huu".

Nakala moja ya waraka iende kwa karani wa baraza la wilaya, ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ya pili kwa mbunge. Ya tatu kwa Karani wa Bunge, ikiitaja Kamati ya Sheria. Sahihi zikae kwenye karatasi zenye maelezo ya ombi juu ya kila ukurasa, jina, kijiji na muluka wa kila mtu. Karatasi ya sahihi isiyo na ombi juu yake inaweza kubandikwa kwenye waraka wowote.

MamaWaSofia:

Na kile kifungu cha LC1 msikiache mwisho wa viambatisho. Kiwekeni ukurasa wa kwanza.